Paka Aliyekomaa na Wajibu wa Anayemfuga: Vanga na Pwani ya Kusini ya Kenya

Katika miji ya wavuvi ya pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Gazi na Msambweni hadi Shimoni, Wasini na Vanga, paka ni mnyama anayelishwa na wengi lakini asiye na mwenyewe, na kwa sababu hiyo suala la kumchukua paka aliyekomaa na kumlea nyumbani lina sura yake hapa, tofauti na ile inayojulikana Ulaya na Marekani. Huko, paka aliyepotea au kutupwa hupelekwa katika makao ya wanyama, yaani mahali penye vizimba, wahudumu na daktari, akatunzwa hadi apatikane mtu wa kumchukua. Kenya nayo ina chama kikongwe cha kuwatetea wanyama, KSPCA, kilichoanzishwa mwaka 1910 na chenye makao ya aina hiyo huko Karen, Nairobi. Lakini Nairobi iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Vanga, na mwenyeji wa Vanga anayetaka kumpa paka mzee mahali pa kulala hana haja ya kusafiri kumtafuta, kwa kuwa paka huyo tayari yuko bandarini, barazani au juu ya paa la jirani, na kila mtu anamjua kwa rangi yake.

Vanga ni mji wa Wavumba, Wadigo na wageni wengi waliokwisha kuwa wenyeji, uliojengwa ukingoni mwa mikoko karibu na mpaka wa Tanzania, na uhai wake ni samaki. Mashua za nyavu za kuzungushia, ambazo wavuvi huziita ringneti, hurudi na una, simu na mzia. Matajiri wa samaki hupima na kununua, mama karanga huchukua fungu lao la kukaanga, na kinachobaki, yaani matumbo, mapezi na vichwa, huwa riziki ya paka. Msimu wa kaskazi, bahari inapokuwa shwari, riziki hiyo ni tele. Ukiingia kusi, upepo unapozuia vyombo kutoka, bandari hukauka, na paka waliozaliwa wakati wa shibe hukonda, hupigana na kuugua. Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya kulisha na kufuga. Anayelisha hutoa alichonacho siku aliyo nacho, ilhali anayefuga hujibu kwa ajili ya mnyama mmoja anayejulikana, awe mzima au mgonjwa, kaskazi na kusi, hadi siku ya kufa kwake. Vanga haijapungukiwa na walishaji; waliopungua ni wafugaji, na anayeumia zaidi kwa upungufu huo ni paka aliyezeeka, ambaye hawezi tena kugombania kichwa cha samaki na paka vijana.

Uhusiano wa paka na binadamu ni wa kale mno. Paka wa nyumbani anatokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye wataalamu humwita Felis lybica, aliyeanza kuishi karibu na wakulima takriban miaka 10,000 iliyopita kwa sababu ghala za nafaka zilivuta panya. Na mwaka 2004 wanaakiolojia walitangaza kuwa kisiwani Saiprasi limepatikana kaburi la miaka ipatayo 9,500 ambamo mtu na paka walizikwa kando kwa kando. Pwani ya Afrika Mashariki ilipata panya weusi kwa njia ya bahari, pamoja na shehena za vyombo vya biashara, na mifupa yao imefukuliwa katika mji wa kale wa Unguja Ukuu. Palipo na panya, nafaka na samaki, paka hakosi kazi. Huko Kilifi, katika eneo la msitu wa Arabuko-Sokoke, kuna paka wenye mabaka yanayofanana na gome la mti, ambao Wagiriama waliwajua tangu zamani kabla Jeni Slater wa Watamu hajaanza kuwalea mwishoni mwa miaka ya 1970. Baadhi ya uzao wao ulipelekwa Denmark, na leo paka wa Sokoke anatambuliwa na mashirika ya kimataifa ya wafugaji kuwa jamii ya paka yenye jina na daftari lake. Ni jambo la kusikitisha kwamba paka wa pwani huandikishwa na kuthaminiwa Ulaya, wakati ndugu zake wa damu hulala kwenye majaa ya bandari zetu bila ya mtu wa kuwauliza hali.

Kwa jamii ya Kiislamu kama ya Vanga, wajibu kwa paka hauhitaji kuazimwa kutoka mbali. Sahaba Abu Huraira, mpokezi mashuhuri wa hadithi, anajulikana kwa lakabu iliyotokana na kipaka chake. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza adhabu ya mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie chakula, na nyingine, iliyomo katika mkusanyo wa Abu Daud, inamtoa paka katika najisi kwa kuwa ni miongoni mwa viumbe wanaowazunguka watu majumbani. Zikitazamwa kwa pamoja, hadithi hizo zinagusa jambo ambalo sheria za nchi nyingi zilikuja kulisema baadaye sana: anayemzuilia mnyama njia ya kujitafutia, amejitwika mwenyewe jukumu la kumtafutia.

Uzee wa paka una kipimo chake. Madaktari wa wanyama humhesabu paka kuwa amekomaa kabisa anapofika miaka 7, na kuwa mzee anapopita miaka 10. Hesabu inayotumiwa na wengi huifanya miaka 2 ya mwanzo ya paka kuwa sawa na 24 ya binadamu, na kila mwaka unaofuata kuwa sawa na 4, hivyo paka wa miaka 10 ni kama mtu wa miaka 56, ambaye ana maarifa na bado ana nguvu. Paka anayetunzwa vizuri nyumbani huishi kwa kawaida miaka 12 hadi 18, na wapo wanaopita 20. Kwa hiyo anayemchukua paka wa miaka 8 hamchukui wa kumzika kesho, huenda akakaa naye miaka mingine 8. Umri wa paka wa bandarini haumo katika cheti chochote, lakini daktari anaweza kuukadiria kwa kutazama meno, mboni za macho, manyoya na misuli.

Faida kubwa ya paka wa umri huo ni kwamba tabia yake imekwisha kujengeka na inaonekana. Mtoto wa paka ni fumbo: huenda akawa mpole au mkali, mwenye kupenda watu au mwenye kujitenga, na katika mwaka wake wa kwanza hupanda mapazia, hurarua mikeka na kudai kuchezeshwa hadi usiku wa manane. Paka mkubwa hulala sehemu kubwa ya siku, amejua kuwinda panya bila kufundishwa, na anayemtazama kwa wiki mbili tatu barazani atajua kama anawavumilia watoto, anaogopa mbwa au anapenda kupakatwa. Kwa mstaafu au mjane anayeishi peke yake, paka wa namna hii ni chaguo la busara, na pia la uadilifu, kwani kipaka ni ahadi ya miaka 15 ambayo mwenye umri mkubwa huenda asijaaliwe kuitimiza.

Hata hivyo si kila paka wa nje anafaa kuingizwa ndani. Kipindi ambacho paka hujifunza kumzoea binadamu ni kifupi, takriban kati ya wiki ya 2 na ya 7 ya maisha yake, na aliyepita kipindi hicho bila kushikwa na mtu hukua akiwa paka shume kamili, anayemwona binadamu kuwa ni adui. Huyo hafai kufungiwa chumbani, kwa kuwa kufungiwa kwake ni mateso. Afadhali ahasiwe, achanjwe na kuachwa aishi pale alipozoea, huku wenyeji wakikubaliana juu ya nani atampa chakula na maji. Anayefaa nyumba ni yule aliyewahi kuwa na watu kisha akaachwa, kwa mfano aliyekuwa wa mpangaji aliyehama, au wa mgeni aliyekodi nyumba Diani kwa miezi kadhaa akaondoka zake. Dalili zake ni kukaza macho kwa mtu bila kukimbia, kuinua mkia anapokaribia na kujisugua miguuni.

Anapoletwa nyumbani, paka mkubwa huhitaji muda ambao wengi hawampi. Kosa la kawaida ni kumwachia nyumba nzima siku ya kwanza, watoto wakamzunguka, na kesho yake akatoroka kurudi bandarini. Inafaa akae kwanza katika chumba kimoja kimya, chenye maji, chakula, boksi la kujifichia na beseni la mchanga mkavu la kujisaidia, lililowekwa mbali na chakula kwa sababu paka ni mnyama msafi. Huenda akajificha uvunguni siku kadhaa bila kula vizuri, lakini paka mkubwa, hasa aliyenenepa, asiyekula kabisa kwa siku mbili anapaswa kuonwa na daktari, kwani ini lake hudhurika upesi likikosa chakula. Kwa wengi woga hupungua baada ya wiki tatu, na utulivu kamili huja baada ya miezi mitatu.

Suala la chakula linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu Vanga inaamini kwamba paka akipata samaki amepata kila kitu, na imani hiyo ina ukweli nusu. Paka ni mla nyama wa lazima, maana yake ni kwamba mwili wake hauwezi kujitengenezea baadhi ya virutubishi na hauna budi kuvipata katika nyama. Kimoja ni taurini, kirutubishi ambacho kikikosekana kwa muda mrefu huharibu macho hadi upofu na kuulegeza moyo. Ndiyo maana paka anayelishwa ugali na mchuzi peke yake, au chakula cha mbwa, hudhoofika ingawa tumbo limejaa. Samaki humpa protini na taurini, lakini baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1 mwilini, na paka anayekula samaki wabichi tu kwa wiki nyingi huanza kuyumba, kuinamisha kichwa na hatimaye kupata degedege. Wale wenye mafuta mengi, kama jodari, wakiwa ndio chakula pekee, humaliza vitamini E na kusababisha mafuta ya mwili wa paka kuvimba, akawa analia kwa maumivu anapoguswa. Kinga ya mambo haya iko jikoni: samaki achemshwe bila chumvi, pilipili, kitunguu wala kitunguu saumu, kwa kuwa vitunguu huharibu damu ya paka, aondolewe miiba, na siku nyingine apewe kuku, maini kidogo au yai lililochemshwa. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi wasiwe chakula chake. Maziwa, ambayo watu wengi hudhani ndiyo haki ya paka, huwaharisha paka wengi wakubwa. Kinywaji chake ni maji safi.

Hatari nyingine ya bandarini ni ndoana na mshipi wa kuvulia. Paka hummeza samaki pamoja na chambo kilichobaki, na mshipi ukaonekana ukining'inia mdomoni. Usivutwe kamwe, maana ndani huenda ndoana imeshika au mshipi umejizonga matumboni, na kuuvuta ni kumpasua. Apelekwe kwa daktari vilevile alivyo.

Afya ya paka mzee ina maradhi yake maalumu, ambayo mengi huja kimyakimya kwa sababu paka ni mnyama anayeficha maumivu. Lililo kubwa ni kuchoka kwa figo: paka hunywa maji mengi kuliko kawaida, hukojoa sana, hukonda na manyoya yake hufifia. Figo zilizokwisha haribika hazirudi, lakini ugonjwa ukigunduliwa mapema, maji ya kutosha na chakula kinachofaa humwongezea miezi au miaka. Meno huoza na ufizi huvimba, na anayeitwa mchaguzi wa chakula mara nyingi ni mgonjwa wa kinywa. Viungo hukakamaa, akashindwa kurukia dirishani alikokuwa akilala, na hapo kigoda kilichowekwa chini ya dirisha humfaa kuliko dawa. Paka wa umri huo aonwe na daktari mara mbili kwa mwaka, na kila mwenye nyumba ajue kwamba dawa za binadamu humuua: kidonge kimoja cha Panadol, chenye parasetamo, chaweza kumwangamiza paka kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuivunja, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini humletea mtukutiko na kifo.

Juu ya uzazi, jiografia yenyewe ina neno. Paka jike hupata joto kulingana na urefu wa mchana, na katika nchi za baridi, ambako mchana wa kipupwe ni mfupi, uzazi husimama miezi kadhaa. Vanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mchana wake ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, na kwa hiyo uzazi hausimami. Jike anaweza kupata joto akiwa na miezi 4 au 5, mimba yake ni ya siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine huku akinyonyesha. Chakula kinachotupwa bandarini bila ya uzazi kudhibitiwa hakipunguzi njaa ya paka, kwani huongeza midomo, na kusi ikifika midomo hiyo hufa. Kwa hiyo kumhasi dume na kumfunga jike kizazi, upasuaji unaofanywa na daktari kwa dawa ya usingizi, ndiyo huruma ya kwanza anayoweza kufanyiwa paka wa pwani. Wapo Waislamu wanaosita juu ya jambo hili, na kusita kwao kuna msingi, maana wanazuoni wamehitilafiana. Wengine wa zama hizi wamelijuzisha pale paka wanapokithiri na ikiwa hakuna mateso, na anayetatizwa amuulize shehe wake badala ya kuliacha. Huko Lamu, mji ambao paka wake waliandikiwa kitabu na Jack Couffer, shughuli ya kuwahasi paka wa mitaani imefanywa kwa miaka mingi na mji haujapoteza paka wake wala heshima yake.

Chanjo ndiyo inayounganisha afya ya paka na ya jirani. Kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, humpata pia paka aliyeumwa na mbwa au mnyama wa porini mwenye ugonjwa, na paka huyo akimwuma mtu huambukiza. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na Kenya ilijiwekea mpango wa kuutokomeza kati ya 2014 na 2030. Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno; lakini kidonda kikioshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu akaenda hospitali kuanza sindano bila kuchelewa, hunusurika. Ugonjwa mwingine unaozungumzwa sana ni toksoplasmosisi, unaosababishwa na kijidudu kinachotoka katika mavi ya paka na ambacho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mjamzito hana haja ya kumfukuza paka: mayai ya kijidudu hicho huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo yaweze kuambukiza, kwa hiyo mtu mwingine wa nyumbani akisafisha beseni kila siku, na mama akala nyama iliyoiva na kuosha mboga na mikono, hatari hubaki ndogo sana.

Mfugaji wa paka anawajibika pia kwa vile paka anavyovidhuru. Vanga na kijiji jirani cha Jimbo zimezungukwa na mikoko ambayo wanakijiji wenyewe wanaihifadhi, na Diani ina vipande vya msitu wenye komba, ndege na mijusi. Paka aliyeshiba bado huwinda. Kumlaza ndani usiku huwaokoa viumbe hao, na humwokoa yeye mwenyewe na mbwa, chatu na magari. Tena mto Umba, unaoshuka kutoka milima ya Usambara, umewahi kuifurikia Vanga, na familia zinapohamia penye mwinuko ni wajibu kuwa na kikapu au tenga lenye kifuniko la kumbebea paka, badala ya kumwachia paa. Anayevuka mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro kwenda kuishi Tanga, amtafutie paka wake chanjo na cheti cha afya cha daktari mapema.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inakataza kumpiga na kumtesa mnyama, na inaweza kumfikisha mtu mahakamani. Lakini sheria humzuia mtu kutenda ubaya, haimpi paka mahali pa kulala. Kwa hilo liko andiko lingine. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuwadhibiti wanyama na kulinda maslahi yao, pamoja na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika, na katika jedwali hilohilo huduma za madaktari wa wanyama zimewekwa mikononi mwa kaunti. Wakazi wa Vanga, kupitia kikundi cha usimamizi wa ufuo na mwakilishi wao wa wadi, wanayo haki ya kuiomba Kaunti ya Kwale imlete daktari bandarini walau mara mbili kwa mwaka, kabla ya kusi na baada yake, kuwachanja na kuwahasi paka wote. Siku hiyo ikifika, kila nyumba yenye nafasi na imchague paka mmoja mkubwa miongoni mwa waliotibiwa, impe jina, na iandikishwe kuwa ndiyo mwenyewe.